Bolti za mota zinazolegea kwa mtetemo: nilivyotatua

Nawawekea hili wenye shida kama yangu. Mota ya mashine ya kusaga ilikuwa ikilegea miguuni: mlio unabadilika, mkanda unaruka, nati unaizungusha kwa vidole. Nilikaza upya, nikaweka washa za springi, nikajaribu nati mbilimbili. Wapi!

Dawa ilikuwa urefu wa bolti. Zilikuwa M10 (unene wa milimita 10) fupi, zimebana bati jembamba tu. Bolti hushika kwa sababu ikikazwa huvutika kidogo, kama springi. Fupi haina pa kuvutika. Rangi iliyo chini yake ikibonyea unywele tu, mkazo umekwisha. Basi nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaweka bushi (kipande cha bomba) nene ya chuma yenye urefu wa milimita 40 chini ya kila kichwa, na bolti ndefu zenye namba 8.8 kichwani (daraja la uimara wa chuma). Nati ni mpya, zenye pete ya nailoni (usizirudie, pete huchoka, na penye joto kali hazifai). Nikakaza kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm (nyutoni-mita) 45, nyuzi za bolti kavu bila mafuta, kwa kupishana pembe. Mwisho nikachora mstari kutoka nati hadi fremu, ili kulegea kuonekane mapema. Mashine inasaga kila siku na hakuna mstari uliohama.