Kwa nini ningembakisha yule aliyemaliza wa mwisho

Tangu Lotto na Intermarché-Wanty ziungane mwisho wa 2025 nimeongea hii maneno mpaka wasee wa kikundi chetu cha baiskeli hapa Nakuru wamechoka na mimi. Timu mbili za mbio za baiskeli za Ubelgiji, kila moja na waendeshaji ishirini na kitu, zinageuka timu moja, na timu ya daraja la juu inaandika watu kama 30 hivi basi, sasa hesabu mwenyewe ni wangapi waliambiwa watafute kwingine. Biniam Girmay, kijana wetu wa Asmara, hakukosa pa kwenda, alienda timu nyingine inaitwa NSN, na sikushangaa, mtu alishinda hatua 3 za Tour de France 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, huyo atapata kazi tu. Wale wananinyima usingizi ni wengine, wale hata jina hujawahi kulisikia.

Mimi ningepewa ile karatasi ya nani abaki nani aende, ningeanza na watu wa kazi. Wafaransa wanawaita domestique, yaani mtumishi wa nyumbani, na kazi yao ni kukaa mbele wakikata upepo, kurudi nyuma kwa gari kuchukua chupa za maji za wenzao, na kumpa bosi gurudumu lao akipata pancha. Ambaye hajawahi kuendesha kwa kundi hawezi kujua upepo ni kitu gani. Ukijificha vizuri nyuma ya mtu unaokoa nguvu kama theluthi hivi, na hiyo theluthi si kwamba imepotea hewani, kuna mtu hapo mbele anailipa na miguu yake.

Angalia Tour ya 2021. Kila mtu anakumbuka Mark Cavendish, yule wa kufyatuka mita za mwisho, mtu ambaye mwisho wa 2020 alikuwa karibu kukosa timu kabisa, akarudishwa Deceuninck-Quick-Step, akashinda hatua 4 na kufikia rekodi ya hatua 34 za Eddy Merckx. Mimi nilikuwa naangalia simu usiku nikirudia video, na kila nikirudia naona mtu mmoja mrefu, Tim Declercq, wenyewe wanamuita trekta, amekaa mbele ya kundi lote akivuta masaa na masaa ili wale waliotoroka wasiende mbali, kisha zikibaki kilomita chache anaachia wengine na hata kamera inamsahau. Huyo Declercq alimaliza Tour nafasi ya 141, wa mwisho kabisa kati ya wote waliofika Paris. 2023 wa mwisho alikuwa Michael Mørkøv, yule yule aliyekuwa akimtangulia Cavendish mpaka mita za mwisho kule 2021. 2024, mwaka Cavendish alipata hatua ya 35 pale Saint-Vulbas, wa mwisho akawa Davide Ballerini, mwenzake wa timu ya Astana. Sasa mkurugenzi akifungua kompyuta asome matokeo kutoka juu, hawa watu atawaona saa ngapi?

Na hapo ndo pointi zinaharibu mambo. Leseni za timu za juu zinaamuliwa kwa pointi za miaka mitatu, timu 18 ndo zinaingia, wengine nje. 2020 mpaka 2022 walikuwa wanahesabu waendeshaji 10 bora wa kila timu, toka 2023 ni 20. Mtu akivuta kilomita 150 halafu amalize wa 130 anapata sufuri. Mwingine akienda mbio ndogo akamaliza wa nne anapata pointi. Naelewa timu inaogopa kushuka, kushuka ni wafadhili kukimbia na watu kukosa mshahara, lakini ukijaza timu na watu wa kutafuta nafasi ya nne, siku ya mbio yenyewe nani atavuta?

Kwa jina kubwa nitasema haraka maana inaniuma. Chris Froome alizaliwa Nairobi, amechukua Tour 4, na mimi nilimpenda sana. Lakini baada ya ile ajali ya 2019 alikaa kwa timu ya Israel miaka mitano bila ushindi hata mmoja, na katikati timu ikashuka daraja. Ile hatua ya Alpe d'Huez 2022 alimaliza wa tatu na nililia, lakini kama mimi ndo nashika pesa singempa mkataba mrefu vile kwa sababu ya vile alikuwa zamani.

Hii kitu nimeijua kwa ubaya. Kwa kikundi chetu kuna jamaa tunamuita Fundi, ana miaka arubaini na kitu, alikuwa boda ya baiskeli hapa town kabla pikipiki zijae. Akiwa mbele anainamisha kichwa na anakuangalia kupitia chini ya kwapa, haangalii uso wako, anaangalia tairi yako ya mbele, akiona imeachwa kidogo anapunguza bila kuambiwa, ukirudi anaongeza. Mwaka juzi kulikuwa na mbio ya kwenda Gilgil na kurudi, kila kikundi kitoe watu watano. Tukaketi kwa kibanda cha chai tukaandika majina, wanne wenye mbio na mmoja wa kupanda milima, Fundi tukamwacha, na mimi ndo nilisema hajawahi kushinda kitu.

Wakati wa kurudi, baada tu ya Kariandusi, pale unaona Elementaita upande wa kushoto, upepo ukatupiga kifuani na hakuna aliyetaka kukaa mbele. Kila mtu anamngoja mwenzake. Kikundi kingine kilikuwa na majamaa wawili wenye mapaja kama magogo, wakashika mbele wakaondoka na mtu wao, na sisi yule wetu mwenye kasi kuliko wote alifika Nakuru miguu imekufa, wa kumi na moja.

Jumapili iliyopita tuliandika majina tena na jina la Fundi niliweka juu kabisa. Akaisoma ile karatasi, akairudisha, akaniuliza kama nimekaza spoku za gurudumu la mbele, maana tukitoka Njoro aliona linayumba.