Kastaneti: hivi ndivyo nilivyoupata mvumo wa vidole vinne

Feria de Abril (tamasha la Aprili) ya mwaka huu, hapa Sevilla, Hispania, nimecheza sevillanas zote nne, yaani ngoma nne za kienyeji zinazofuatana, huku nikipiga kastaneti, zile kombe mbili ndogo zinazofungwa kidoleni kwa kamba na kugonganishwa, na sikukosa pigo hata moja. Najivunia sana, maana ushauri niliopewa nilipoanza ungenikatisha tamaa mapema.

Muuzaji aliniambia nikaze kamba kabisa zisidondoke. Mwenzangu darasani akasisitiza kwamba mvumo, yaani mapigo ya vidole yanayofuatana upesi, ni kasi tu: "Piga haraka haraka, vidole vitazoea." Si kweli, na inaniudhi kwamba wanaoanza bado wanaambiwa hivyo hivyo.

Kamba ina vitanzi viwili, kimoja kila upande wa kiungo cha kidole gumba. Cha karibu na ukucha ndicho hukazwa, cha chini hulegezwa kidogo. Zikining'inia, kombe mbili zifunguke zenyewe. Zikibaki zimefumba, kaza. Kidole kikifa ganzi, umezidisha. Na usiige kila video: kwenye jota, ngoma ya jimbo la Aragón, hufungwa kidole cha kati.

Mkono wa kulia hubeba hembra, yaani jike, yenye sauti nyembamba. Kushoto ni dume, yenye sauti nzito. Sasa mvumo wenyewe, carretilla: kulia huanza kidole cha mwisho, kisha cha pete, cha kati, cha shahada, halafu kushoto hufunga kwa pigo moja. Mapigo matano, yote yasikike. Kila nilipofuata ule ushauri wa kasi, kidole cha pete kiliburutwa na cha kati, mapigo mawili yakawa moja. Nilihangaika wiki nyingi mpaka mkono ukauma.

Ndipo nikaziweka kastaneti kando. Nikawa napiga vidole juu ya paja ndani ya basi, polepole mno, na kidole cha pete nakipa pigo zito kuliko vingine vyote. Cha pete kwanza, kasi baadaye! Niliporudi kwenye kastaneti kikawa kimepata nguvu, kimelingana na wenzake, na mvumo ukatiririka. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Mwalimu wetu naye alitaka tuimbe kabla ya kupiga: "ria" ni vidole vinne vya kulia, "ta" kushoto, "pi" pigo la kulia. Wengine walinung'unika. Mimi nasema mdomo ukijua, mikono haipotei.

Kuhusu majirani: kata kipande cha soksi ya pamba, kiweke katikati ya kombe mbili. Sauti inazimika lakini kidole bado kinahisi mgongano. Tangu hapo jirani wa juu hajagonga sakafu.

Kastaneti za granadillo, mbao ngumu, zisubiri. Hewa kavu huweza kuzipasua. Za fiberi zangu zilikuwa yuro 50 na kitu, na zimeshapita kiangazi cha Sevilla bila ufa. Nunua na kamba ya akiba, huchakaa mapema pale inapopita tunduni.