Kuwasomea Wasiotaka Kuguswa

Jumamosi alasiri, kazi za nyumbani zikishatulia, mimi huenda kituo cha wanyama nje ya mji kuwasomea kwa sauti paka, mbwa na punda waliopo siku hiyo. Watu huniuliza nawasomea nini, na zaidi, kwa nini.

Jambo lenyewe halikuanzia kwetu. Huko Marekani, jimbo la Pennsylvania, kituo kimoja kilianza mwaka 2013 kuwakaribisha watoto wa skuli wawasomee paka, na baadaye Missouri nao wakafanya hivyo kwa mbwa. Mtoto hufundishwa kwanza kumtambua mnyama mwenye hofu, kisha hukaa mbele ya tundu na kusoma. Mbwa akijisogeza mwenyewe, hutupiwa kitu kidogo cha kutafuna. Hashikwi wala haitwi.

Hilo la kutoshikwa ndilo lililonivuta. Wanyama wengi wanaofika kituoni, kuanzia paka wa sokoni Darajani waliozoea kugombea vichwa vya samaki, mkono wa mwanaadamu wanaujua kwa kupigwa. Na sisi Waislamu wa Unguja tuna lile suala la mate ya mbwa: yakikugusa ni kuosha mara 7, moja kwa udongo. Najua watu wenye huruma kabisa wanaojiweka mbali kwa ajili hiyo, ilhali sote tulisomeshwa chuo cha Kurani habari za yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Kusoma hakutaki mkono. Mbwa yuko upande wake wa wavu, nami upande wangu na udhu wangu, na bado nimemfanyia kitu.

Nimejaribu magazeti, nimejaribu hadithi za watoto. Kinachofaa kuliko vyote ni utenzi. Kila kipande kina mizani 8, vitatu vinaimba kina kimoja, cha nne kinarudi kwenye kina cha utenzi mzima. Sauti haipandi kwa ghafla. Msikilizaji asiyejua hata neno moja anajua pumzi itatuliwa wapi.

Niliyaona haya kwa punda mmoja aliyeletwa na donda mgongoni, matandiko ya gari yamemla mpaka nyama ikaonekana. Punda ana tabia ya kuficha maumivu, na ndiyo sababu hutwishwa mizigo mpaka siku anayoanguka. Watu humdhani mzima. Lakini masikio hayafichi. Nilipoanza kusoma yote mawili yalikuwa yamelazwa nyuma. Beti chache baadaye sikio la kushoto likainuka, likageuka kwangu, huku la kulia limebaki kuelekea barabarani, kwenye kelele za magari. Nikanyamaza kufungua ukurasa. Lile la kushoto likazunguka mbele, likarudi, likatulia niliposhika tena ubeti. Kichwa hakukigeuza hata kidogo, na mimi sikukidai.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwasikilizisha mbwa wa kituo aina mbalimbali za muziki, na pia kitabu kilichosomwa na kurikodiwa. Ni kile kitabu kilichowafanya wapumzike zaidi na kupunguza kukaa kwa hadhari. Sikushangaa.

Mama mkubwa hakukubaliana nami. "Wasomee wanaadamu kwanza, mwanangu," aliniambia, na maneno yake yana uzito, kwani watoto wa mtaani kwetu wasiosoma vizuri tunawajua kwa majina. Basi nikamchukua mmoja wao, mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu, ambaye darasani akikwama wenzake hucheka. Nikamkalisha mbele ya paka mmoja wa kijivu mwenye chongo. Akakwama kwenye neno, akalirudia silabi kwa silabi, akalipata. Paka yuko pale pale, mkia umezungushwa miguuni. Yule mtoto akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na kabla sijasema lolote akafungua mwingine. Juzi mama mkubwa mwenyewe alimwita amsomee karatasi ya dawa yake ya presha.

Sasa nawaomba wazazi wa mtaani waturuhusu tuwachukue watoto zaidi, kidogo kidogo, mtu mzima akiwa nao muda wote. Masharti ni machache: hakuna kutia vidole kwenye wavu, hakuna kumkodolea macho mnyama, na mtoto akikwaruzwa au kung'atwa aseme papo hapo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa si cha kungojea. Anayetaka kuja aje na maandishi yoyote anayoyapenda, na kanga ya kukalia, maana sakafu ya pale ni saruji tupu.