Saa Mbili na Dakika Ishirini Usiku

Wiki chache zilizopita, tulipokuwa tukikabidhiana zamu katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi hapa Minnesota, mwenzangu mmoja Mkongomani, mzaliwa wa Bukavu ambaye hajatimiza miaka mitatu nchini humu, alinivuta pembeni akaniambia: "Mzee, shule ya mtoto wangu imeleta barua. Wanataka mimi na mama yake twende uwanjani Alhamisi jioni, tutembee naye mbele ya watu kabla ya mechi. Mtoto mwenyewe hajafunga bao hata moja mwaka huu. Sasa wanamheshimu kwa lipi? Na Alhamisi mimi nina zamu."

Barua hiyo naifahamu. Karibu kila timu ya shule ya sekondari nchini Marekani, iwe ya kandanda, ya mpira wa kikapu, ya kuogelea au ya riadha, huteua shindano moja la nyumbani, aghalabu la mwisho wa msimu, likawa la kuwaaga wanafunzi wa darasa la kumi na mbili. Wenyewe huuita Senior Night, nasi tulio huku tumezoea kusema "usiku wa masinia", jambo lililowahi kumfanya mama mkwe wangu aulize kwa simu kutoka Singida kama pilau litakuwa la kuku au la ng'ombe. Jina la mchezaji husomwa kwa kipaza sauti, yeye na wazazi wake hutembea hadi katikati ya uwanja, msomaji hutaja ni miaka mingapi ameitumikia timu na anakusudia kwenda wapi baada ya shule, watu hupiga makofi, picha hupigwa, na zamu ya familia nyingine hufika. Kwa familia moja shughuli yote haizidi dakika moja.

Kwa muda mrefu niliiona dakika hiyo kuwa upuuzi wa watu wenye nafasi. Mimi mwenyewe nilikimbia shuleni. Nikiwa kidato cha tatu nilifika hatua ya mkoa katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, nikatolewa kwenye mchujo wa mita 1500, nikapewa soda moja na kupakiwa kwenye lori pamoja na wenzangu walioshindwa, na hakuna mwalimu aliyewahi kuitaja safari hiyo tena. Sikuona ubaya wowote. Sisi tulilelewa kwa habari za Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Kwetu sifa za mbio ni za aliyetangulia, na waliobaki ni wasindikizaji. Kwa hiyo kifungua mimba wetu alipojiunga na timu ya riadha katika darasa la tisa, nilimuuliza swali moja tu, na nililirudia kila aliporudi nyumbani: umekuwa wa ngapi?

Alikuwa wa kumi na nne. Alikuwa wa tisa. Siku nyingine alikuwa wa kumi na tisa. Alikimbia mita 1600 na mita 3200, umbali ambao huku hutumiwa shuleni badala ya 1500 na 3000 tulizozizoea, kwa sababu uwanja wa mita 400 huzungukwa mara nne au mara nane kamili bila kusogeza mstari wa kuanzia. Mashindano yao huanza alasiri za siku za kazi, saa ambazo mimi huwa ama nimelala baada ya zamu ya usiku, ama nimeshaingia zamu ya jioni. Katika miaka mitatu nilimwona akikimbia mara mbili. Nilijiambia kwamba mwaka wa mwisho, usiku wa masinia, nitaomba ruhusa mapema, nivae suti niliyoapia uraia, na mama yake avae kitenge, tutembee.

Mwaka huo wa mwisho ulikuwa 2020.

Mazoezi yalikuwa yamekwisha kuanza, ndani ya korido za shule, kwa kuwa mwezi Machi hapa uwanja huwa bado umefunikwa na theluji na watoto hukimbia wakipishana na makabati ya vitabu. Jumatano ya tarehe 11 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona ni janga la dunia, na usiku huohuo NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikasimamisha msimu wake. Kesho yake NCAA, chama kinachoendesha michezo ya vyuo vikuu, kikafuta mashindano yake ya kitaifa ya mpira wa kikapu, na Ijumaa ya tarehe 13, hapa jimboni, mashindano ya wasichana wa sekondari ya mchezo huohuo yakakatizwa yakiwa yanaendelea, kabla ya fainali. Jumapili ya tarehe 15 gavana wetu, Tim Walz, aliagiza shule zote zifungwe ifikapo Jumatano. Watoto waliambiwa ni kwa siku chache. Wengi waliacha viatu vyao vya miba kwenye makabati. Zikaongezwa wiki, zikaongezwa nyingine, hadi tarehe 23 Aprili gavana alipotangaza kuwa hakuna kurudi madarasani mwaka huo wa masomo, na msimu wote wa michezo ya machipuko ukafutwa.

Mtu anayesoma haya akiwa mbali anaweza kusema, kama nilivyosema mimi, kwamba watu walikuwa wakifa na huu si wakati wa kulilia mbio. Lakini ipo hasara inayohesabika. Mkimbiaji wa sekondari hana wakala wala video ya mabao. Ana muda wake tu, na vyuo humpima kwa huo. Wale ambao miili yao huchelewa kukomaa huutegemea msimu wa mwisho wapunguze zile sekunde kumi zinazotenganisha kujilipia chuo na kusaidiwa kulipa. Tarehe 30 Machi NCAA iliwaruhusu wanamichezo wa vyuo waliopoteza msimu wa machipuko warudi mwaka mmoja zaidi, uamuzi wa haki kwao, ila ulimaanisha kuwa nafasi ambazo zingeachwa wazi kwa wanaotoka sekondari zilibaki na wenyewe. Wa sekondari hawakuwa na mwaka wa kurudishiwa. Cheti kikishatoka, umeondoka.

Shule nazo zikabaki na swali ambalo hazikuwahi kuulizwa: utamwagaje mchezaji ambaye hana mchezo, huwezi kumwita uwanjani, na huruhusiwi kumshika mkono?

Yaliyofanyika si yote yaliyokuwa na maana. Mwezi Aprili watu wazima walianza kuweka mitandaoni picha zao wenyewe za mwaka wa mwisho wa sekondari, nywele zikiwa zimesimama kwa mtindo wa zamani zao, wakidai kwamba hiyo ndiyo namna ya kuwaunga mkono wahitimu wa 2020. Binti yangu alizitazama siku mbili, akaniuliza kwa upole kama mtu aliyekosa chakula hufarijiwa kwa kuonyeshwa picha ya waliokula. Sikuwa na jibu.

Baadaye vikaja vibao. Shule ilichapisha kwa kila mwanamichezo wa mwaka wa mwisho kibao cha plastiki chenye picha yake, jina lake, mchezo wake na mwaka, kikachomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba kwa vijiti viwili vya waya. Mtaa wetu ulikuwa na vinne. Mke wangu alikipiga picha cha kwetu, akaituma kwenye kundi la ukoo bila maelezo yoyote, akaingia jikoni. Kule Singida mama mkwe aliona uso wa mjukuu wake ukiwa umesimikwa ardhini, jina limeandikwa kwa herufi kubwa na mwaka chini yake, wakati habari zote za Marekani zilikuwa za vifo. Simu ilipopokelewa alikuwa tayari analia, na nyuma yake zilisikika sauti za majirani waliokwisha kukusanyika. Ilibidi mtoto mwenyewe ashike simu aongee na bibi yake, aimbe kidogo, akimbie na kurudi mbele ya kamera, ndipo msiba ule ukaahirishwa. Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwamba bibi hakukosea sana kuisoma picha ile.

Wakati huo mimi nilikuwa nikiishi besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba yetu. Wazee wawili wa upande wetu kazini walikuwa wamepatikana na ugonjwa, nasi sote tulijua kuwa sehemu kubwa ya vifo vya mwanzo jimboni ilikuwa ikitokea katika nyumba kama yetu, basi nilishuka na godoro, nikawa nawekewa chakula kwenye ngazi. Besimenti ina dirisha moja dogo lililo usawa wa ardhi. Jumamosi moja asubuhi nilisikia honi, nikasogea dirishani, nikaona viatu vya kukimbilia vya rangi ya machungwa, vikuukuu, vikipanda njia ya nyumba yetu. Vilisimama. Mkono ukashusha mfuko wa karatasi kwenye ngazi ya mlango, na juu yake shada la waridi jeupe lililofungwa kwa uzi. Kisha viatu vikarudi nyuma hatua kumi hivi, na nikasikia sauti ya kocha, mtu ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kuonana naye, ikisoma jina la binti yangu kwa mtindo uleule wa kipaza sauti, ingawa hakuwa nacho, na ingawa msikilizaji wake alikuwa binti, mama yake na mdogo wake tu, wakiwa mlangoni. Alikuwa na nyumba nyingine kumi na moja za kupitia siku hiyo.

Mfukoni mlikuwa na jezi yake imekunjwa, herufi ya shule iliyokatwa kwa kitambaa kizito, ile ambayo hushonwa kifuani mwa koti, na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Jioni mke wangu alizipitisha chini ya mlango ili nami nizione. Zilikuwa orodha ya mbio zake zote: tarehe, mahali, umbali, muda, na hali ya hewa. Nilizihesabu, zikawa 41. Ya kwanza ilikuwa ya Aprili 2017, mita 1600 kwa dakika 6 na sekunde 38. Ya mwisho, ya Mei 2019, dakika 5 na sekunde 41. Hapakuwa na safu ya nafasi aliyoshika. Neno nililomuuliza mtoto miaka yote mitatu halikuandikwa popote. Mbele ya mbio moja ya mita 3200 ya mwaka 2018 kocha alikuwa ameandika kwa kalamu: theluji na upepo, wanne waliacha, yeye alimaliza. Siku ile naikumbuka kwa jambo jingine. Alirudi nyumbani midomo imemkauka, nami nilikuwa nikijiandaa kwa zamu, nikamgombeza kwa kuchelewa kumchukua mdogo wake. Mwisho wa karatasi ya pili paliandikwa 2020, na chini yake palikuwa na mistari kumi na mitano mitupu.

Ijumaa ya kwanza ya Mei tulienda kwenye taa. Lilikuwa wazo lililoanzia Texas na kuenea kwa wiki chache katika majimbo mengi: shule huwasha taa za uwanja mtupu saa mbili na dakika ishirini usiku, kwa dakika ishirini hivi. Wamarekani walilazimika kutumia saa ya kijeshi ili wapate 20:20, ambayo ni 2020 ya mwaka wao. Kwa saa yetu ya Kiswahili wala haihitaji hesabu: mwaka ni elfu mbili na ishirini, saa ni mbili na dakika ishirini. Hatukuruhusiwa kushuka. Mke wangu na watoto walikuwa kwenye gari moja, mimi peke yangu kwenye jingine, madirisha yamefungwa, tukiwa tumeegesha kando ya uzio pamoja na magari yasiyopungua hamsini. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Taa zile za zamani haziwaki mara moja. Huanza na rangi ya zambarau hafifu, kama kaa linalopulizwa, na huchukua dakika kadhaa kufikia weupe wake. Mtu mmoja akapiga honi, wakafuata wote. Binti yangu alikuwa amejifunga khanga ambayo bibi yake aliituma miezi mingi kabla, iliyoandikwa Hongera Mwanangu, juu ya jezi. Alishusha kioo, akaushika uzio kwa mkono mmoja akiwa bado ameketi garini, akatazama ile njia nyekundu ya kukimbilia hadi taa zilipozimwa. Sijui alikuwa akiwaza nini, na hadi leo sijamuuliza.

Hakwenda kukimbilia chuo chochote. Alisoma uuguzi, anafanya kazi hospitalini, na asubuhi bado hukimbia.

Haya yote sikumweleza mwenzangu wa Bukavu, kwa kuwa zamu ilikuwa imefika na kengele za vyumbani zilikuwa zinalia. Nilimwambia tu kwamba Alhamisi nitamshikia zamu yake, aende, na awahi kabla msomaji hajafika kwenye jina lao. Alishukuru, akauliza kuhusu mavazi, nikamwambia avae anavyovaa kanisani. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mzee, barua inasema kutakuwa na maua. Sisi tunampa mtoto, ao mtoto ndiye anampa mama yake?"

Nikamwambia sijui. Ya kwetu yaliwekwa kwenye ngazi.