Siku Moja Maishani Mwangu: Kati ya Bomba na Mtungi

Mimi ni mhudumu wa mtambo wa maji katika jamii ya asili inayoishi mbali na barabara, na saa 12 asubuhi huwa niko kwenye tangi, kabla foleni ya madumu haijaanza. Leo mto ulikuwa na tope baada ya mvua ya usiku, kwa hiyo nilipunguza kasi ya maji kwenye kichujio cha mchanga, kwani klorini ikikutana na tope humalizika kabla ya kuua vijidudu. Nilitia dawa, nikasubiri nusu saa kamili, kisha nikapima klorini iliyobaki: miligramu 0.5 kwa lita, kiwango kinachofaa.

Saa 3 nilifunga vali inayovuja kwa mpira wa tairi, maana kipuri nilichoagiza bado hakijafika.

Kuanzia saa 4 nilipita nyumba kwa nyumba, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyoonekana katika ripoti. Katika nyumba ya tatu, mtungi haukuwa na klorini hata chembe. Bibi mwenye nyumba hakunificha: “Mwanangu, maji yako yananuka dawa. Nayachanganya na ya chemchemi, tuliyoyanywa tangu enzi za babu zetu.” Sikubishana naye, nilimwomba anipeleke.

Maji ya chemchemi yalikuwa maangavu, lakini mteremkoni juu yake nilihesabu hatua 18 tu hadi kwenye choo cha shimo, ilhali umbali unaopendekezwa ni angalau mita 30. Walipokichimba, hakuna aliyemuuliza bibi huyu, ambaye anajua vizuri mvua kubwa zinapitisha maji wapi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka serikali zishauriane na jamii ili kupata ridhaa yake kabla ya mradi unaogusa ardhi na maji yake kuidhinishwa. Hapa hata swali halikuulizwa.

Saa 9 nilijaza kibuyu chirizi cha kunawia mikono shuleni. Sabuni ilikuwa imekwisha, tena.

Saa 11 jioni nilichota maji ya chemchemi katika chupa ya kipimo, ambayo hugeuka nyeusi ndani ya siku moja au mbili ikiwa kuna dalili ya kinyesi. Nilitaka kuondoka nayo, lakini bibi akaishika. Alisema itakaa kwake, karibu na mtungi, aione mwenyewe.