Mbaazi kwanza, mchicha baadaye

Mwaka 2011, mvua zikikaribia, shangazi alipanda daladala kutoka Ujiji akatushukia Mwanga, hapa Kigoma mjini, na beseni la vishina vya mchaichai, marando ya viazi vitamu, na mbaazi kavu alizofunga kwenye pindo la khanga. Mimi nilikuwa na pakiti ya mbegu za mchicha.

Uwanja wetu wa nyuma ulikuwa hatua nane kwa sita, kwenye mteremko. Waliojenga nyumba walichonga kilima kupata msingi, udongo wa juu wote wakausukumia bondeni. Kilichobaki ni ule mwekundu wa chini, wenye changarawe. Kiangazi jembe linadunda. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka nao. Wengi tunaokaa vilimani Kigoma tunaambiwa ardhi ya namna hii haifai. Inafaa, ila ina zamu yake ya kupandwa.

"Mchicha baadaye, mwanangu. Huo unataka udongo ulioiva," shangazi alisema, akamwita fundi mwashi jirani aje na mpira wake wa maji, ule wanaopimia usawa wa msingi. Maji yakitulia kimo kimoja pande zote mbili, tunachomeka vigingi, kisha tunasogea. Mstari ulitoka umepinda vibaya. Nikataka kuunyoosha uendane na ukuta. Shangazi akakataa kabisa: ukiunyoosha, umeyachimbia maji njia.

Tukachimba mitaro kufuata vigingi, udongo tukiurushia upande wa juu, ule mtindo ambao mabwana shamba huuita fanya juu. Juu ya tuta tukabana mchaichai, shina kwa shina, kwa sababu mizizi yake hushika udongo. Katikati ya mistari tukapanda mbaazi. Mzizi wake mkuu huchimba kwenda chini palipo pagumu, vinundu vya mizizini huongeza naitrojeni, rutuba inayolisha mimea, na majani yanayopukutika hubaki palepale yakaoza. Marando yakafunika pengo lote, jua na matone yasiupige udongo uchi.

Kazi iliyonichosha ilikuwa shimo la migomba, pale maji ya bafuni yanapotokea. Tulilifukua kwa sururu, tukalijaza samadi ya mbuzi, maganda ya jikoni na makapi ya chikichi.

Msimu ule tulikula matembele mpaka watoto wakayachoka, na mbaazi za nazi baadaye. Mashina ya mbaazi tuliyakata, mizizi tukaiacha ardhini ioze. Mchicha niliupanda mwaka uliofuata kwenye ngazi ya juu, na jembe likaingia.

Jirani wa chini ndiye aliyeona zaidi. Tope jekundu lililokuwa likimfikia mlangoni kila mvua kubwa lilipungua sana. Akaja kuomba vishina. Tukang'oa shada moja la mchaichai, tukaligawa, na fundi akarudi na mpira wake kupima uwanja wa pili.