Kadi yenye namba 148.5

Kadi ya kwanza tuliyotengeneza nyumbani iliishia kwenye pipa la taka kwa sababu ya milimita nne.

Nilikuwa nimepakua kiolezo kwenye intaneti: ua kubwa mbele, nafasi ya maneno ndani, na katikati mstari wa nukta nukta wenye maandishi "kunja hapa". Nikachapa, nikampa mwanangu, mwenye usonji (autism, hali inayomfanya mtu ahisi na kuwasiliana kwa namna tofauti), ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Akaitazama karatasi, akaiinua usawa wa macho, akakutanisha kona na kona bila kuibana. Mstari haukuwa katikati. Printa ilikuwa imeupunguza ukurasa ili uenee ndani ya pambizo zake, kisha ikausukuma upande mmoja. Mimi nisingeona hata kwa kuonyeshwa. Yeye hakuona kingine. Nikamwambia, "Kunja tu, baba, si kitu." Akaanza kulia, na alasiri ikaishia hapo.

Usiku nikachukua rula. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo nusu yake ni 148.5. Ule mstari ulikuwa kwenye 144 na kitu. Kumbe mtoto alikuwa sahihi, aliyekosea ni mama, na bado aliyeombwa avumilie ni mtoto. Hilo lilinikaa moyoni kuliko kilio chenyewe.

Asubuhi nikamwonyesha rula na ile namba. Mwanangu huzungumza zaidi kwa maneno aliyoyasikia mahali. Huyabeba, kisha huyatoa siku yanapomfaa. Hii aliipokea kama wimbo: "Mia moja arobaini na nane nukta tano." Tangu siku hiyo nikisikia namba hiyo ikitajwa huko koridoni, najua anataka tutengeneze kadi.

Dawa ya printa yenyewe ilikuwa rahisi. Kabla ya kuchapa, badala ya kuruhusu ukurasa ujirekebishe, nachagua ukubwa halisi, asilimia 100. Mstari wa kukunjia nimeufuta kabisa kwenye faili. Tunapima wenyewe, tunapitisha kalamu iliyokwisha wino kandokando ya rula ili karatasi ipate kijifereji, ndipo tunakunja. Bila kijifereji, karatasi nzito huchanika nyuzi nyuzi kwenye mkunjo, na kwa mtoto anayeona milimita nne, nyuzi hizo ni msiba.

Nikajiona fundi. Nikawaalika wengine wawili kwa Jumamosi: binti wa dada yangu, miaka 12, na mtoto wa jirani, miaka sita, ambaye hasemi kwa maneno. Wote watatu wana usonji, nami nilidhani nikishamjua mmoja nimewajua wote. Weee!

Printa peke yake ilitosha kuvuruga kila kitu. Kwa mwanangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Hutaka kubonyeza kitufe, aweke kiganja juu ya kifuniko asikie mtetemo, kisha aipokee karatasi ikiwa bado na joto. Yule mdogo aliposikia inaanza kukwaruza aliziba masikio, akaingia chini ya meza. Leo Kanner, daktari aliyeandika kuhusu watoto 11 mwaka 1943 katika makala ambayo ndiyo chimbuko la utambuzi wa usonji, alitaja humo humo hofu yao ya makelele. Mwongozo wa utambuzi wa Marekani ulingoja hadi toleo la 2013 kuziweka hisi katika vigezo vyake vya usonji. Mimi nilihitaji meza moja na mtoto mmoja chini yake. Printa ikahamia chumba cha ndani, mlango unafungwa, na mwanangu ndiye "mtu wa printa": huenda peke yake au nami, hurudi na karatasi. Yule mdogo ana vifunika masikio vyake, viko kikapuni, havai kwa amri ya mtu.

Binti wa dada alinifundisha jambo ambalo ndilo sababu hasa ya mimi kuendelea na kadi za kuchapa, badala ya kuwagawia karatasi nyeupe na rangi basi. Binti huyu huchora vizuri kuliko mimi. Lakini akikosea mstari mmoja huichana karatasi, na akishachana mara tatu siku imekwisha. Nimewahi kumwona akichora paka kwa dakika arobaini, mpaka ndevu, kisha ncha ya makapeni ikatoa tone moja karibu na sikio. Karatasi ikawa vipande nane. Hakulia. Alivipanga vile vipande vikawa rundo moja, akaweka mikono mapajani.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba achore paka kwa kalamu nyeusi tu, mistari minene, bila rangi. Alipomaliza, kabla hajafanya chochote, nikaichukua karatasi kwa ruhusa yake, nikaiskani kwa nukta 300 kwa inchi, nikamrudishia, tukaitia pamoja kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko tukauweka kwenye droo. Kisha mtu wa printa akatuletea nakala tano za paka yule yule. Nikamwambia apake rangi. Akaanza, akatoka nje ya mstari, mkono ukaenda kwenye ukingo wa karatasi tayari kuchana. Akasita.

"Mama mdogo, ya kwanza ipo?"

"Ipo."

Akainuka, akafungua droo, akaiona, akaifunga. Akarudi kupaka rangi. Siku hiyo aliuliza mara sita, na mara sita akaenda kuangalia. Siku hizi huuliza mara moja tu, mwanzoni, na aghalabu hata hainuki. Paka mmoja ametoka na masikio ya kijani kwa bahati mbaya, akampenda, akaomba kijani kiwe rasmi.

Tahadhari moja ya rangi, kwa kuwa ilitugharimu nakala nyingi: wino wa printa ya kawaida ya wino hukimbia ukipitiwa na makapeni ya maji, na mistari myeusi huchafua rangi ya njano papo hapo. Penseli za rangi hazina shida hiyo. Printa ya leza nayo haina, kwa sababu unga wake huyeyushwa ukashikana na karatasi, ila kwenye mkunjo unaweza kubanduka. Karatasi ya gramu 80, ile ya ofisini, hulegea na makapeni huvuja upande wa pili. Ya gramu 200 printa yangu huitafuna. Tumetulia kwenye 160.

Sasa ile aibu yangu. Kwa miezi kadhaa maneno ya ndani niliyaandika mimi. Nilichapa "Nakupenda sana mama" kwa herufi za mapambo, mwanangu akapaka rangi ukingoni, nikaiweka ukutani, na wageni wakasifu. Siku moja nikiwa napiga pasi nikaitazama kadi ile, nikaona: hii barua nimejiandikia mwenyewe. Mtoto alikuwa mtu wa posta tu.

Nikaacha. Sasa nachapa ukurasa mmoja wa maneno, kila neno kwenye kisanduku chake lenye picha pembeni: Asante. Pole. Hongera. Nimekukumbuka. Karibu. Vimekatwa, vimo kwenye bati lenye vitundu. Kando yake zimo picha za watu: bibi, mjomba, mwalimu, dereva wa basi la shule. Mtoto huchagua mtu, kisha huchagua neno, au hachagui neno lolote. Kisanduku kimoja nimekiacha kitupu makusudi. Mara nyingi ndicho kinachochukuliwa, na mwanzoni kiliniumiza. Nilitamani mno kusoma kitu.

Yule mdogo ndiye aliyenisumbua akili zaidi. Hakutaka rangi, hakutaka mkasi, na gundi ikimgusa kidole hunyoosha mkono mbali na mwili kana kwamba si wake. Kitambaa chenye maji mezani, mahali pale pale kila siku, kilipunguza nusu ya shida. Utepe wa gundi wa pande mbili ukamaliza nyingine. Lakini kutengeneza kadi hakutengeneza. Nilimpangia ratiba ya picha, hatua kumi na moja, nzuri kweli, nimeziwekea plastiki. Aliitazama kama mtu anayetazama deni.

Nikaipunguza hadi hatua tano, zikapangwa kushoto kwenda kulia, na mwisho wa kulia boksi la "imekwisha", mtindo uliosambazwa na TEACCH, mpango wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliorasmishwa mwaka 1972. Picha zenyewe nilizipiga upya: mikono yake, karatasi yetu, meza yetu. Kisha nikaanza kinyumenyume. Hatua nne za kwanza nazifanya mimi akitazama, yeye anafanya ya mwisho tu: kutumbukiza kadi ndani ya bahasha na kubana kifuniko. Kwa hiyo kila mara aliyemaliza ni yeye. Zilipita wiki nne za kubana bahasha. Ndipo nikamwachia na kukunja pia. Sasa anafanya tatu kati ya tano, na sina haraka na mbili zilizobaki.

Lakini mbele ya kadi yake kuna nini, ikiwa hachori? Swali hili nililijibu kwa kuchelewa, ingawa jibu lilikuwa mezani kila Jumamosi. Watoto wakiwa wanapaka rangi, yeye hukusanya vifuniko vya makapeni, huvipanga mstari mmoja, kwa utaratibu ambao si wa rangi wala wa urefu, na ukikisogeza kimoja hukirudisha. Nilikuwa nikivifagia mwisho wa kipindi. Siku moja nikasimama juu ya kiti, nikaupiga picha mstari ule kutoka juu, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu ili usitie weupe katikati. Tukaichapa kwenye nusu ya kulia ya karatasi iliyolazwa. Alipoletewa aliishika kwa muda mrefu. Kisha akachukua vifuniko, akavipanga tena mezani chini ya picha, kimoja kwa kimoja, sawasawa na picha. Mama yake alipokuja kumchukua alipewa bahasha iliyobanwa. Hakuna neno ndani. Aliifungulia mlangoni, akakaa kwenye ngazi.

Nisisahau kichekesho cha kurasa mbili. Ukitaka picha mbele na maneno ndani kwa karatasi iliyolazwa, printa yenye uwezo wa kuchapa pande mbili iambie igeuze kwa upande mfupi. Mimi niliacha upande mrefu, maneno yote ya ndani yakatoka kichwa chini. Nilishaanza kuzikusanya nizitupe, nikijiandaa kwa kilio kingine. Binti wa dada akafungua moja, akacheka mpaka akalala kwenye zulia. "Mama mdogo, kadi inasimama kwa kichwa!" Akataka hiyo hiyo iende kwa mjomba wake, ili alazimike kuigeuza. Mwanangu hakucheka, aliipima kwanza. Mkunjo ulikuwa sawa, basi kwake haikuwa na kosa. Nami nilikuwa nimeshajipa hakika kwamba namjua.

Ya mwisho tuliyoituma ilikwenda kwa bibi yake, mama yangu, baada ya kutoka kuugua. Mbele mwanangu alichora pangaboi, mapanga matatu, kama anavyochora kila kitu, na mapanga yalikuwa yamelingana hata nilishuku ametumia rula. Kwenye bati la maneno alipita "Pole" bila kugusa, akachukua kisanduku kitupu. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe: 148.5. Mkono wangu uliwasha. "Pole bibi" ingenichukua sekunde mbili. Nikaubana mkono chini ya paja, kadi ikaingia bahasha.

Baada ya siku chache mama akapiga simu. "Mwanangu, hii namba ni ya nini? Ni dawa?"

Nikamweleza: nusu ya karatasi, mahali pa kukunjia. Akanyamaza kidogo. Nikasikia droo ya vyombo vyake vya kushonea ikifunguliwa.

"Subiri. Nimeipima kwa futi yangu. Upana wake kumi na nne, halafu vijistari vinane, na kitu kidogo."

Nilikuwa nimeweka sauti ya simu wazi. Mwanangu, aliyekuwa amenipa mgongo anaangalia pangaboi, akaisogelea simu.

"Nukta tano," akamwambia bibi yake.